Kompyuta ya Mtumba Isiyo na Diski wala Neno la Siri

Kompyuta nyingi zinazofika mikononi mwa walimu, makarani na wanafunzi wa Afrika Mashariki hazitoki kiwandani moja kwa moja. Zimekwisha kutumika miaka mitatu, minne au zaidi katika ofisi za Ulaya, za Marekani au za nchi za Ghuba. Mikataba ya kuzikodi ikamalizika, au wenyewe wakanunua mpya, na wafanyabiashara wakazikusanya na kuzisafirisha hadi kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya katikati ya jiji la Nairobi. Bei yake ni sehemu tu ya bei ya kompyuta mpya, na mtambo uliotunzwa vizuri waweza kufanya kazi miaka mingine mitano bila taabu. Lakini aghalabu hufika mtupu: hauna kitabu cha maelezo, hauna diski zake za awali, na pengine ukiwashwa huuliza neno la siri ambalo hata muuzaji halijui.

Hapo mnunuzi huingiwa na hofu mbili. Moja ni kwamba bila diski hataweza kuuandaa mtambo; nyingine ni kwamba bila neno la siri hataweza kuingia. Hofu ya kwanza siku hizi haina msingi mkubwa. Ya pili yahitaji kuchambuliwa, maana neno la siri la kompyuta si kitu kimoja. Kompyuta moja yaweza kuwa na kufuli nne au tano, kila moja ikikaa mahali pake, na kufuli iliyofungwa ndiyo itakayoamua kama mtambo huo utapata kuwa mali ya mnunuzi kwa kweli, au kama fedha yake itakuwa imenunua sanduku la plastiki na kioo.

DISKI ZILIKUWA ZA NINI

Kompyuta inapopata umeme haijui lolote. Kumbukumbu yake ya kazi imekuwa tupu tangu ilipozimwa, na prosesa, ambayo ndiyo sehemu inayotekeleza amri, haina amri ya kutekeleza. Kwa sababu hiyo kwenye ubao mkuu huwekwa chipu ndogo yenye programu fupi isiyofutika umeme unapokatika. Mafundi huiita bayosi, na mrithi wake wa siku hizi huitwa UEFI. Katika makala haya itaitwa programu ya kuamshia. Kazi yake ni kukagua vifaa vilivyomo, kisha kuitafuta diski yenye mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu, kama vile Windows au Linux, inayozisimamia nyingine zote, na kuukabidhi mtambo kwake.

Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, mwenye mtambo aliueleza vifaa ulivyo navyo kwa kusogeza swichi ndogondogo zilizokuwa kwenye ubao. Katika aina ya AT ya mwaka 1984 kazi hiyo ilihamishiwa kwenye chipu ya saa iliyokuwa na baiti 64 tu za kumbukumbu, zikilindwa na betri. Lakini programu ya kuandika katika baiti hizo haikuwamo ndani ya mtambo; ilikuwa kwenye diski laini iliyokuja nao. Mwaka 1987 zikatoka kompyuta za PS/2, na katika aina zake nyingi mambo yalizidi kuwa magumu. Betri ilipokwisha, mtambo ulisahau vifaa vyake vyote, ukaonyesha namba ya kosa 161, na haukutengemaa mpaka ilipoletwa diski yake ya rejea. Kwa mitambo ya namna hiyo, kupotea kwa diski kulikuwa ni kupotea kwa nusu ya mtambo. Hata leo wapenzi wa kompyuta za kale hutunza nakala za diski hizo katika intaneti, na bila wao PS/2 nyingi zilizo nzima zingekuwa chuma chakavu.

Hali hiyo imepita. Programu ya matengenezo iliingizwa ndani ya chipu yenyewe, na ndiyo sababu leo mtu hubonyeza F2, F10 au Delete, kufuatana na aina ya kompyuta, mara tu baada ya kuiwasha, akaona ukurasa wa matengenezo bila diski yoyote. Diski zilizobaki zikawa ni zile za mfumo wa uendeshaji, nazo pia zikatoweka polepole: watengenezaji wengi waliacha kuzitia ndani ya boksi, wakatenga badala yake sehemu ya diski ya ndani na kuhifadhi humo nakala ya kurudishia mtambo katika hali ya kwanza.

Kilichobaki na thamani ni leseni. Katika enzi ya Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, leseni ilikuwa namba ya herufi na tarakimu 25 iliyochapwa kwenye kibandiko kilichobandikwa chini au ubavuni mwa kompyuta. Kibandiko kikifutika kwa jasho la mapaja, namba nayo ilikwenda. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa walianza kuiandika namba hiyo ndani ya chipu ya programu ya kuamshia. Windows ya aina ile ile inapowekwa upya huisoma yenyewe, wala haimwulizi mtu. Neno "aina ile ile" lina uzito wake hapa. Kompyuta iliyouzwa na leseni ya Home haitaikubali Pro kwa leseni hiyo, na mtambo wa ofisi uliokuwa ukitumia leseni ya jumla ya kampuni hauondoki na leseni ile unapouzwa.

Hivyo basi mnunuzi wa leo anachohitaji ni flashi yenye nafasi ya gigabaiti 8 au zaidi, kompyuta nyingine ya kuazima kwa saa moja au mbili, na kifurushi cha intaneti cha kutosha kupakua gigabaiti kadhaa. Microsoft yenyewe hutoa bure programu ya kuitengenezea Windows flashi ya kuiwekea. Hapana haja ya kununua kwa mchuuzi ile diski isiyo na jina iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, ambayo hakuna ajuaye mwenye kuitengeneza ameongeza nini ndani yake.

KUFULI NA MAHALI PAKE

Kufuli ambayo watu wengi huiona kwanza ni ile ya akaunti: Windows imekwisha amka, picha ya mlima au bahari imejaa kiooni, na jina la mtu asiyejulikana limeandikwa juu ya kisanduku kinachotaka neno la siri. Inatisha kwa macho, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Ili kuona kwa nini, yafaa kujua neno la siri huwekwa wapi.

Maneno ya siri yaliingia katika kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako watu wengi waligawana mtambo mmoja na kila mmoja alitaka kulinda mafaili yake. Maneno yote yaliandikwa katika faili moja, kama yalivyo. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya udaktari, Allan Scherr, aliyeona saa alizogawiwa hazimtoshi, aliiagiza kompyuta ichapishe faili hilo kwenye karatasi, na akapata maneno ya wenzake wote. Dawa ya udhaifu huo ilibuniwa katika miaka hiyo hiyo ya 1960 na Roger Needham wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipendekeza kwamba neno lenyewe lisihifadhiwe kabisa. Lipitishwe katika hesabu iliyo rahisi kwenda mbele lakini isiyorudi nyuma, na kihifadhiwe kile kinachotoka. Ni mfano wa kinu: mahindi huwa unga, unga hauwi mahindi tena, ila katika kinu hiki kila neno hutoa unga wake, usiofanana na wa neno jingine. Mtu anapoandika neno lake, mtambo hulisaga upya na kulinganisha unga na unga.

Windows ya leo hufuata kanuni hiyo. Kwa hiyo fundi anayedai kuwa "atalisoma" neno la mwenyewe wa zamani ndani ya mtambo hasemi sawasawa, halimo. Lakini upande wa pili wa jambo hili ndio unaomfaa mnunuzi. Ule unga umehifadhiwa katika faili la Windows, nayo Windows imo katika diski. Kufuli hiyo hulinda akaunti ya mtu, hailindi mtambo. Anayeifuta diski yote na kuweka mfumo mpya hufuta kufuli pamoja na mlango wake. Hata bila flashi, katika Windows 10 na 11 yawezekana kushikilia kitufe cha Shift kwenye ukurasa huo huo wa kuingilia, kuchagua kuwasha upya, kisha kufuata njia ya kurudisha kompyuta katika hali ya kwanza na kufuta kila kitu. Kazi huchukua saa moja au zaidi, na mwisho wake mtambo humkaribisha mwenye mali mpya kana kwamba umetoka dukani.

Kufuli nyingine ni ya kusimba diski nzima. Katika Windows huitwa BitLocker, nayo ilianza na toleo la Vista lililouzwa kwa umma mwaka 2007. Katika kompyuta nyingi za karibuni huwashwa bila mwenyewe kuambiwa. Kila kinachoandikwa katika diski hugeuzwa kuwa tarakimu zisizo na maana kwa asiye na ufunguo, na mtambo ukishuku jambo hudai namba ya uokoaji yenye tarakimu 48. Ufunguo wenyewe, kwa kawaida, ni wa biti 128, na idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Mtambo wenye kujaribu funguo bilioni elfu kila sekunde ungehitaji kuzimaliza muda unaokaribia mara milioni mia nane ya umri wa ulimwengu. Mtu akikutana na ukurasa wa tarakimu 48, basi mafaili ya mwenyewe wa kwanza hayapatikani, na hivyo ndivyo inavyopasa. Diski yenyewe, hata hivyo, haikuharibika: yaweza kufutwa na kupangwa upya kama nyingine yoyote.

Mambo hubadilika mtu anaposhuka chini ya diski. Programu ya kuamshia nayo yaweza kuwekewa neno la siri, tena la namna mbili. Namna moja huzuia kubadilisha matengenezo tu: kompyuta huwaka kama kawaida, lakini asiye na neno hawezi kuiamuru ianze kwa flashi. Namna nyingine huzuia kila kitu. Kioo hubaki cheusi chenye kisanduku cha neno, na Windows haifikiwi kabisa. Katika kompyuta za mezani za zamani neno hilo lilikaa katika kumbukumbu iliyolindwa na betri, na fundi aliyeing'oa betri ile ya mviringo, ya volti 3, kwa muda, au aliyesogeza kiunganishi kidogo kilichowekwa kwa ajili hiyo, alilifuta. Hapo ndipo lilipotoka lile neno la mitaani kwamba kufuli zote huondoka kwa kung'oa betri. Kwa kompyuta za mapajani, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, si kweli. Humo neno limeandikwa katika chipu isiyotegemea umeme, na betri ing'olewe mwaka mzima, neno litakuwapo. Watengenezaji wengine humsaidia mnunuzi anayethibitisha kuwa mtambo ni wake, wakampa neno la kufungulia kwa kufuata namba ya mtambo. Wengine wameandika wazi katika vitabu vyao kwamba njia ni moja tu, kubadilisha ubao mkuu kwa malipo, na bei ya ubao hukaribia bei ya kompyuta nzima ya mtumba.

Wako mafundi wanaobandua chipu hiyo na kuiandika upya kwa vifaa maalumu. Ustadi wao ni wa kweli na wapaswa kuheshimiwa, lakini mnunuzi asiweke hesabu yake juu yake, kwani mkono ukiteleza mara moja ubao wote huwa umekufa, na hakuna atakayerudisha fedha.

Diski pia yaweza kuwa na kufuli yake ya pekee, iliyowekwa katika umeme wa diski yenyewe. Diski ya namna hiyo ikihamishiwa kompyuta nyingine hukataa vile vile. Dawa yake ni nyepesi ikiwa kufuli ni hiyo peke yake: diski nyingine inunuliwe.

Imebaki kufuli isiyoonekana, nayo ndiyo inayowagharimu watu zaidi siku hizi, kwa sababu haimo ndani ya mtambo hata kidogo. Imo katika seva za kampuni ng'ambo. Ofisi kubwa inaponunua kompyuta mia tano huziandikisha utambulisho wake katika daftari la Microsoft, katika huduma iitwayo Autopilot, ili mfanyakazi popote alipo aweze kuifungua mpya na kuikuta imekwisha pangwa kama ofisi inavyotaka. Miaka minne baadaye kompyuta zinauzwa kwa jumla, na karani wa huko akasahau kuziondoa katika daftari. Mnunuzi wa Dar es Salaam huifuta diski, huweka Windows mpya, kila kitu huenda vizuri. Anapounganisha intaneti tu, kioo humkaribisha kwa jina la kampuni ya Uholanzi na kumtaka aingie kwa anwani ya kazini. Akiifuta tena mara kumi, atalikuta jina lile lile mara kumi, maana kinachoulizwa si diski bali daftari lililo mbali.

Kompyuta za Apple zimekwenda mbele zaidi. Zile zenye chipu ya T2, ambazo nyingi ni za kuanzia mwaka 2018, na zile zenye prosesa za Apple yenyewe zilizoanza mwaka 2020, zaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kufuli hiyo husimama kabla ya mfumo wa uendeshaji, nayo haiondoki kwa kufuta diski wala kwa kuibadilisha. Huiondoa mwenye akaunti, au kampuni yenyewe ikionyeshwa hati za ununuzi wa kwanza.

Kufuli hizi hazikubuniwa kumkera mnunuzi wa Kariakoo. Zilibuniwa ili kompyuta iliyoibwa katika gari la moshi au katika mkahawa isiwe na faida kwa mwizi, na zimefaulu kiasi kwamba bidhaa iliyoibwa hulazimika kusafirishwa mbali, mahali ambapo mnunuzi hajui la kuuliza. Mtambo uliofungwa kwa mbali waweza kuwa umesahauliwa na karani, na waweza kuwa ni mali ya wizi. Kwa kuutazama tu hakuna awezaye kujua. Anayeweza kuufungua kwa haki ni yule yule aliyeufunga. Muuzaji halali hana shida katika hilo: huwaandikia waliomwuzia, hutaja namba ya mtambo, nao huuondoa katika daftari. Muuzaji asiyeweza kufanya hivyo amekwisha jibu swali ambalo mnunuzi alikuwa anaogopa kuliuliza.

DUKANI, KABLA YA KULIPA

Ukaguzi wa maana huchukua nusu saa, na hufanywa mbele ya muuzaji, fedha ikiwa bado mfukoni. Mtu aende na flashi yake yenye Linux ya namna inayoweza kufanya kazi bila kuwekwa katika diski. Ubuntu, Linux Mint na Debian zote hupatikana hivyo bure. Kompyuta izimwe, iwashwe, na ukurasa wa matengenezo ufunguliwe. Ukifunguka bila kuuliza neno, na kigezo kimoja kikabadilika na kuhifadhika, kufuli ya programu ya kuamshia haipo. Kisha mtambo uamriwe uanze kwa flashi. Linux ikiamka, hapo hapo huonekana kama diski inasomeka, kama kicharazio kina vitufe vyote vinavyoitika, kama kioo kina madoa, na kama betri ina uhai uliobaki.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kuitazama Windows yenyewe ikiwa imeunganishwa na intaneti. Windows iliyowekwa na muuzaji bila intaneti yaweza kukaa kimya wiki nzima, nayo kufuli ya mbali inaisubiri. Yapasa basi kuirudisha katika hali ya kwanza pale pale dukani na kuiunganisha kwa simu ya mnunuzi. Muuzaji atalalamika kwamba kazi hiyo ni ndefu. Ni ndefu kweli, lakini shule inayonunua kompyuta ishirini kwa michango ya wazazi haina haki ya kuiona ndefu. Risiti iandikwe namba ya mtambo, ile iliyochapwa chini yake, si maneno "laptop moja" tu. Bila namba hiyo risiti haithibitishi kitu mbele ya mtengenezaji wala mbele ya polisi.

KUUANDAA

Mtambo ukiwa huru, kuuandaa ni kazi ya jioni moja. Swali la kwanza ni mfumo upi. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM ya toleo la 2.0 pamoja na prosesa iliyo katika orodha yake. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni za kizazi cha nane, kilichoanza mwaka 2017, na baada yake. Sharti hilo limezifanya kompyuta nyingi zilizo nzima ziuzwe kwa bei ya kutupa. Kwa mtu asiyefungwa na programu fulani ya Windows, hii ni nafasi njema: kompyuta ya mwaka 2015 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 huendesha Linux bila kuchoka, na ikiwa diski yake ya kuzunguka itabadilishwa kwa ile isiyo na sehemu inayozunguka, mwenyewe atadhani amebadilishiwa mtambo. Hakuna matengenezo mengine yenye faida kubwa kama hayo kwa gharama hiyo.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, yaweza kunakiliwa na kugawiwa kwa halali, hivi kwamba mwalimu mmoja mwenye kifurushi kizuri cha intaneti huweza kuipakua mara moja na kuwagawia wenzake wote. Si ngeni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Anayepokea nakala kutoka kwa mtu aweza kuhakikisha kuwa haikuchezewa: waandalizi hutangaza unga wa faili lao, uliosagwa kwa kinu cha aina ile ya Needham, na nakala ikisagwa nyumbani sharti itoe unga ule ule, herufi kwa herufi.

Wakati wa kuweka mfumo, ichaguliwe njia ya kufuta diski yote. Hili si kwa ajili ya usafi tu. Faili linapofutwa kwa njia ya kawaida, kinachoondolewa ni kadi yake katika orodha, kama kadi ya kitabu katika maktaba. Kitabu chenyewe hubaki rafuni mpaka nafasi yake ipewe kingine. Kati ya mwaka 2000 na 2002 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walinunua diski 158 za mtumba. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta barua za mapenzi, habari za wagonjwa na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Moja ilikuwa imetoka katika mashine ya kutolea fedha. Kompyuta ya mtumba yaweza kuwa na mambo kama hayo, na mnunuzi hakuyanunua. Asiyasome, ayafute, kwa kuandika juu ya diski yote ikiwa ni ya kuzunguka, au kwa amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe ikiwa ni ya aina mpya.

Pengine baada ya yote hayo mtambo utakuwa umewaka vizuri, intaneti imeungana, na bado kurasa nyingi zitakataa kufunguka kwa onyo kwamba si salama. Kabla ya kurudi dukani kwa hasira, itazamwe tarehe. Ile betri ya mviringo huchoka baada ya miaka, na saa ya mtambo, ikikosa umeme, huweza kurudi hadi mwaka ule ilipotengenezwa. Vyeti vinavyothibitisha utambulisho wa kurasa za intaneti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2014 huona kila cheti kuwa hakijazaliwa. Betri hiyo, katika kompyuta nyingi, ni ya namba CR2032, na huuzwa hata kwa mafundi wa saa.